Lori la Dizeli Likikataa Kuwaka



Pamba iliyokwisha kupimwa na kufungwa haiwi fedha mpaka ifike kiwandani. Kwa hiyo lori likikataa kuwaka alfajiri, hasara ni yetu sote.

Mtambo wa dizeli, ambao Rudolf Diesel alifaulu kuutengeneza mwaka 1897, hauna plagi za kutoa cheche. Hewa ikishindiliwa hupata moto mkali, na mafuta yanyunyizwapo humo huwaka yenyewe. Basi, stata ikizungusha mtambo kwa uvivu, tutazame betri na vifungo vya nyaya zake. Ikizungusha kwa nguvu bila moshi kutoka, mafuta hayafiki. Tupime tangi kwanza. Kisha tulegeze skrubu ya chujio, tusukume pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe, ndipo tukaze. Stata isishikiliwe zaidi ya sekunde 15, isije ikaungua.

Tangi lijazwe jioni, chujio libadilishwe kwa wakati, na dereva asilaumiwe kabla mafuta hayajapimwa. Lori la ushirika ni mali ya kila mwanachama. Tukilitunza leo, halitatuacha njiani siku ya mavuno.