Jina Si Kipimo

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, Tumbi, Kibaha)



Shule hii ilianza mwaka 1965, ndani ya mradi ulioanzishwa mwaka 1963 kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Nordiki, ambao ulikabidhiwa kwa Serikali yetu mwaka 1970. Mimi nilisoma hapa Kidato cha Tano na cha Sita, mchepuo wa Fizikia, Kemia na Hisabati, kisha nikaenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tangu hapo nimekuwa mtumishi wa umma katika kazi ya vipimo. Mizani, pampu za mafuta, rula na mawe ya kupimia ndiyo ndugu zangu wa kila siku.

Katibu aliponiandikia niseme kitu chenye manufaa kwa vijana wa sayansi, nilichagua jambo ambalo huenda likawashangaza: namna ya kuchagua risasi ya ukubwa sahihi kwa bastola kuukuu. Nasema mapema kwamba sikuja kuwafundisha kupiga bastola. Kumiliki silaha bila leseni, na kutengeneza risasi nyumbani, ni makosa kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Nimelichagua jambo hili kwa sababu sijaona mfano mwingine unaoonyesha wazi zaidi tofauti kati ya jina la kitu na kipimo cha kitu.

Tuanze na lugha yetu. Kiswahili hutumia neno moja, risasi, kwa madini yale mazito laini na kwa kile kinachotoka katika mtutu. Neno hilo tumelipata kwa Waarabu, na kwao maana yake ya asili ni madini. Chombo tunachomiminia madini ili yapate umbo tunakiita kalibu, na tunaposema "mtu wa kaliba yake" tuna maana ya mtu wa kiwango chake. Wataalamu wengi wa lugha wanaona kwamba neno la Kizungu la kutaja ukubwa wa mtutu lilitoka katika neno hilo hilo la Kiarabu la kalibu. Basi tangu awali kaliba ilikuwa jambo la kulingana: hiki kinaingia katika kile.

Sasa tutazame bastola yenyewe. Nazungumzia ile ya silinda inayozunguka, yenye vyumba sita kwa kawaida. Kila chumba kina sehemu ya nyuma pana, inapokaa ganda, na sehemu ya mbele nyembamba zaidi, ambayo mafundi huiita koo. Baruti ikiwaka, risasi huachana na ganda, hupita kooni, huruka nafasi ndogo iliyo wazi, kisha huingia mtutuni. Ndani ya mtutu kuna mifereji na matuta yanayopinda, mfano wa shamba la viazi lililolimwa kwa mzunguko. Matuta hayo huishika risasi na kuizungusha, nayo ikizunguka huenda moja kwa moja.

Wazee wetu wa Kisarawe na Rufiji waliijua gobori, ambayo mtutu wake ni laini ndani. Gobori haichagui sana. Goroli ikiwa ndogo huzungushiwa kitambaa, basi. Na haikuwa bahati tu kwamba gobori zilibaki nyingi huku kwetu. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingizwa katika eneo kubwa la Afrika, kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, ila bunduki za mawe zenye mtutu laini ziliweza kuruhusiwa. Lakini mtutu wenye mifereji hauna msamaha kama gobori. Risasi ikipungua hata kidogo, moto wa baruti hupenya ubavuni mwake, huiyeyusha ukingoni, na madini hubaki yamegandamana mtutuni. Risasi haizunguki vizuri, na haijulikani itakwenda wapi.

Kwa hiyo basi, mtu anachaguaje ukubwa? Wengi husoma maandishi kwenye chuma na kwenye boksi: "38" hapa na "38" kule, wakaridhika. Hapo ndipo penye hatari. Bastola za jeshi la Waingereza zilizoanza kutumika mwaka 1932, ambazo zilifika pia katika makoloni yao, ziliitwa 38, na risasi yake ina kipenyo cha kama milimita 9.17. Iko risasi nyingine ya Kimarekani inayoitwa pia 38, yenye kipenyo cha milimita 9.07. Ukibadili 38 ya inchi kuwa milimita utapata 9.65, ambayo si ukubwa wa risasi yoyote kati ya hizo mbili! Jina lilirithiwa kutoka bastola za zamani zaidi, risasi zikabadilika, jina likabaki.

Wajerumani nao walipata shida hiyo hiyo. Bunduki zao za mwishoni mwa karne ya 19 zilikuwa na risasi ya milimita 8.1 hivi, mwanzoni mwa karne ya 20 wakaleta risasi ya milimita 8.2, na jina la kaliba likabaki lile lile. Kuitia risasi mpya katika mtutu wa zamani ambao haujarekebishwa ni kutafuta msiba.

Na tofauti za kaliba ziliwahi kutesa jeshi zima katika nchi hii. Vita vilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa Wajerumani hapa walikuwa bado na bunduki za muundo wa mwaka 1871, za milimita 11 na baruti ya moshi, wakati wengine walikuwa na zile mpya. Risasi za huyu hazikumfaa yule. Meli iitwayo Rubens ilipoingia Ghuba ya Manza, karibu na Tanga, mwezi wa Aprili 1915, ikashambuliwa na Waingereza na kuzama majini, Wajerumani waliopoa shehena yake, na risasi zilizolowa zikafunguliwa na kukaushwa baruti. Ilikuwa kazi kubwa, lakini afadhali risasi iliyolowa yenye kipimo chako kuliko risasi kavu isiyo yako.

Ndugu zangu, nieleze sasa tukio lililonifanya nilichunguze jambo hili. Miaka michache iliyopita, familia moja ya upande wa Ruvu ilifiwa na mzee wao, aliyewahi kuwa karani katika shamba la mkonge. Sandukuni mlikutwa bastola kuukuu na maboksi mawili ya risasi. Walifanya linalopaswa: walipeleka vyote polisi. Lakini mtoto wa kwanza, mtu mzima kuliko mimi, alikuwa na nia ya kuomba leseni kwa jina lake ili alinde muhogo dhidi ya nguruwe pori. Risasi zile zilikuwa zimeandikwa 38 na bastola imeandikwa 38, ila ziligoma kuingia mpaka mwisho. Fundi mmoja wa vyuma alikuwa amekwisha kumwambia, "Hilo dogo, mzee. Nikichimba koo kidogo tu zitaingia zote."

Aliniomba ushauri kwa kuwa nina vyombo vya kupimia. Tulikwenda kituoni, na mbele ya askari mwenye dhamana ya silaha, baada ya yeye kuhakikisha kwamba silinda ni tupu, tukapima. Nawaeleza hatua zake, maana ndizo hasa somo la leo.

Kwanza, mtutu. Kipande cha risasi laini, kikubwa kidogo kuliko tundu, hupakwa mafuta na kusukumwa kwa ufito wa mbao kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kinatoka na alama za matuta na mifereji. Hapo unapima kipenyo cha pale palipo panene kwa maikromita. Wenye akili ya jiometri wajihadhari: mitutu mingi ya zamani ina mifereji mitano au saba. Kwa idadi hiyo mfereji hautazamani na mfereji bali na tuta, hivyo maikromita ya kawaida hudanganya, nawe huna budi kutumia kishikio chenye umbo la V na hesabu kidogo.

Pili, makoo. Yote sita hupimwa, moja moja, kwa sababu huenda yalichimbwa kwa keekee iliyokuwa ikilika, la kwanza likawa pana na la sita jembamba.

Tatu, kulinganisha. Kanuni ni fupi: koo lisiwe dogo kuliko mtutu, na risasi ilingane na koo. Risasi iliyo sawa hupita kooni kwa kusukumwa taratibu na kidole. Ikidondoka yenyewe ni ndogo, ikigoma kabisa ni kubwa. Na ikifika mtutuni iwe imezidi upana wa mifereji kwa kama sehemu mbili hadi tano za mia za milimita. Ziko bastola kuukuu, hasa zile kubwa za 455 za Waingereza, ambazo mara nyingi koo lake ni jembamba kuliko mtutu. Kwa hizo haifai kuongeza ukubwa wa risasi, maana koo litaikamua tu. Dawa yake ilikuwa risasi laini yenye shimo kitakoni, ambayo baruti huitanua ikisha ingia mtutuni.

Nne, ugumu. Watu wengi hudhani risasi ngumu ni bora daima. Sivyo. Risasi tupu ni laini. Ikichanganywa na bati na antimoni huwa ngumu, kama yale madini ya herufi za mitambo ya kupiga chapa ya zamani. Bastola kuukuu zina nguvu ndogo ya baruti. Risasi ngumu haitanuki kuziba mtutu, lakini laini hutanuka. Tena mchanganyiko tofauti husinyaa tofauti unapopoa, hivyo kalibu moja hutoa risasi tupu ndogo kidogo na yenye antimoni kubwa kidogo. Hata anayetumia kalibu ya kununua hana budi kupima kinachotoka.

Tulipomaliza kupima, mambo yalikuwa wazi. Makoo na mtutu vilitaka risasi ya 9.17. Zile za maboksini zilikuwa 9.07. Pungufu ni sehemu moja ya kumi ya milimita, takriban unene wa unywele! Na ganda lake lilikuwa refu zaidi na jembamba zaidi: milimita 9.6 mahali ambapo chumba kilichimbwa kwa ajili ya ganda la 9.8. Kama fundi angechimba makoo, zingeingia kweli, lakini ganda lingevimba na pengine kupasuka mkononi mwa mpigaji, na risasi ingepita mtutuni ikipwaya. Bastola ilikuwa ikikataa kwa sababu nzuri, naye fundi alitaka kuinyang'anya kauli.

Yule mzee aliniuliza, "Sasa mwanangu, hizi herufi zilizochongwa hapa zina maana gani?" Nikamjibu, "Ni jina, mzee. Hata watu wawili huitwa Juma, na viatu vyao havibadilishani." Alicheka, akafikiri, kisha akaamua kuisalimisha moja kwa moja. Muhogo wake leo unalindwa na mbwa na madebe.

Wadogo zangu, huenda hamtashika bastola maisha yenu yote, nami nawaombea iwe hivyo. Lakini hapo nje, kwenye Barabara ya Morogoro, mtayaona magunia. Gunia ni jina. Sheria imeweka ukomo wa kilo 100, ila kwa lumbesa mkulima hujaza, hushona kofia juu yake, na hulipwa bei ya gunia moja. Mtu anayekubali jina badala ya kipimo huyo ndiye anayepunjwa, na anayesema "ongeza kidogo tu itaingia" ndiye fundi yule yule.

Neno la tahadhari kwa wenye mikono miepesi: msiyeyushe risasi, wala msiguse ya betri za gari. Moshi na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, watu waliumizwa na kiwanda cha kuyeyushia betri, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamuru walipwe fidia. Fizikia ya jambo hili inatosha kujifunzwa kwa maikromita na kipande cha waya.

Ombi langu la mwisho ni kwa Chama chetu. Tunapochanga kwa ajili ya shule, tusisahau vyombo vya kupimia vya maabara, navyo vihakikiwe usahihi wake kila mwaka. Kijana aliyefundishwa kwa maikromita mbovu amefundishwa kuamini majina.