Mti Mdogo Ndani ya Chumba cha Kupanga

Mazungumzo na vijana wa Mwembesongo, Morogoro

 

Nimeombwa niongee juu ya utulivu nyumbani. Wengi wetu hapa Mwembesongo tunakaa nyumba za kupanga. Chumba kimoja watu watatu, bomba moja uani, redio ya jirani mpaka usiku wa manane. Ukimwambia mtu wa namna hiyo "tulia", atakuuliza atulie wapi. Basi mimi leo nimekuja na jambo dogo tu: mti wa kwenye chungu.

Naanza na kosa langu. Mama alipofariki nilibaki na mdogo wangu wa kiume. Mimi nashona. Nilikuwa narudi jioni nimechoka, nakuta vyombo vichafu, naanza kufoka hata viatu sijavua. Siku moja nikampiga kofi kwa ajili ya sufuria. Hakulia. Alitoka, akarudi saa nne usiku, na tukakaa siku nyingi hatusemeshani.

Katika siku hizo fundi mwenzangu akanipa mti mdogo kwenye kopo la rangi. Nikaumwagilia asubuhi na jioni, maji tele. Mizizi ikaoza, mti ukafa. Mdogo wangu akautazama, akasema, "Dada, umeuzamisha." Tukacheka wote wawili. Jioni ile ndipo nilipomwomba radhi. Mti wa pili tuliuchagua pamoja.

Miti hii huitwa bonsai. Jina ni la Kijapani, ingawa ufundi wenyewe ulianzia China. Si mbegu ya ajabu. Ni mti wa kawaida unaozuiwa kukua kwa chungu kidogo na kwa kupunguzwa matawi na mizizi. Misonobari mnayoiona kwenye picha za Japani inataka majira ya baridi kali. Kwa joto letu la Morogoro itakutesa bure. Chagua mti uliozoea jua kama wewe.

Kabla hujauchukua jiulize maswali matatu. Chumba changu kina mwanga kiasi gani? Maji nayapata kila siku, au ni ya ndoo na foleni? Na je, kuna mtoto mdogo anayetia kila kitu mdomoni?

Kama una dirisha lenye mwanga, chukua mti wa jamii ya mkuyu, ule wenye majani madogo yanayong'aa. Huvumilia kukaa ndani, na huvumilia kusahauliwa kidogo. Ukiukata hutoa utomvu mweupe, kwa hiyo nawa mikono.

Kama una kibaraza chenye jua, jaribu mbuyu. Ndiyo, mbuyu! Tafuta mbegu za ubuyu mbichi, kwa sababu zile za ubuyu wa rangi na sukari zimeshapikwa. Ganda lake ni gumu. Lisugue kwenye jiwe mpaka uone weupe, loweka usiku mmoja, kisha panda kwenye mchanga uliochanganywa na mboji. Kiangazi ukipukutisha majani usiutupe. Umelala tu. Acha kuumwagilia mpaka uchipue tena. Bogenvilia nayo hupenda jua na haitaki maji mengi, ila ina miiba.

Lipo pia waridi la jangwani, lenye shina nene kama chupa na maua ya waridi. Ni zuri na linastahimili ukame. Lakini utomvu wake ni sumu, na wawindaji wa huku kwetu Afrika waliupaka kwenye mishale. Kwenye nyumba yenye watoto, liache.

Kuhusu maji, msirudie kosa langu. Toboa chungu chini. Ingiza kidole kwenye udongo. Ukisikia unyevu, acha. Ukiwa mkavu, mwagilia mpaka maji yatokee chini.

Halafu kisahani cha chini jamani! Maji yaliyotuama pale ni nyumba ya mbu anayeeneza homa ya dengi, na mbu huyo huuma mchana. Dar es Salaam iliugua dengi mwaka 2014, ikaugua tena mwaka 2019. Yai la mbu laweza kuwa mbu kamili kwa wiki moja hivi. Mwaga maji hayo na kusugua kisahani, au kijaze mchanga.

Na tafadhali, msipande Uluguru kung'oa miche msituni. Msitu ule ndio unaotulindia maji ya mto wetu. Mbegu na vipandikizi vinatosha.

Mtaniuliza, sasa mti unatulizaje? Mimi sisemi kwamba mti ni dawa. Nasema hivi: siku hizi nikirudi, kabla sijasema neno naenda kwenye mti. Naingiza kidole kwenye udongo, natoa jani lililokauka. Dakika mbili tu. Nikigeuka, ile hasira ya njiani imepungua, na hapo ndipo namsalimia mdogo wangu. Yeye ana kazi ya maji, mimi ya mkasi. Siku tukikosa la kuzungumza, tunazungumza habari za mti.

Lakini kama huzuni imekukaa wiki mbili na zaidi, hulali, huna hamu ya kula, au unawaza kufa, usikae kimya na chungu chako. Mwambie mtu mzima unayemwamini, na nenda kituo cha afya mapema. Na anayepigwa nyumbani hahitaji mti. Anahitaji msaada, na auombe leo.

Mdogo wangu amenituma niwaambie kwamba mbuyu wetu una majani sita.