Siku ya Kukombolewa kwa Visiwa vya Channel

Kila mwaka tarehe 9 Mei, watu wa Jersey na Guernsey hawaendi kazini. Visiwa vyao viko karibu na pwani ya Ufaransa, lakini tangu zamani sana vimo chini ya Taji la Uingereza; na siku hiyo hukumbuka jinsi walivyotoka mikononi mwa Wajerumani mwaka 1945.

Mwezi wa Juni 1940, Ufaransa iliposhindwa vitani, Serikali ya Uingereza iliona kwamba visiwa hivyo haviwezi kulindwa, ikawaondoa askari wake. Jambo la kusikitisha ni kwamba adui hakuarifiwa mapema. Tarehe 28 Juni marubani wa Kijerumani waliona malori yamejipanga bandarini Guernsey, wakadhani ni ya jeshi, wakayapiga mabomu. Kumbe yalikuwa yamepakia nyanya za kupelekwa Uingereza! Jersey nayo ilipigwa siku ile ile, na katika visiwa vyote viwili walikufa watu 44. Baada ya siku mbili Wajerumani wakashuka Guernsey bila ya kupigana, na kesho yake wakaingia Jersey.

Wakakaa miaka mitano. Saa zilibadilishwa zifuate za Berlin. Mwaka 1942 redio zilichukuliwa, na watu wapatao elfu mbili wakapelekwa kufungwa katika kambi za Ujerumani.

Lakini taabu kubwa kupita zote ilikuwa njaa. Majeshi ya Uingereza, Marekani na wenzao yalipotua Ufaransa mwezi wa Juni 1944, njia ya chakula ilikatika. Majani ya vichaka vya miiba yakawa chai, na mizizi iliyokaangwa ikawa kahawa. Mwisho wa Desemba meli ya Msalaba Mwekundu, jina lake Vega, ilileta vifurushi vya chakula kwa wenyeji. Askari wa Kijerumani, ambao nao walikuwa na njaa, hawakuwa na fungu katika vifurushi hivyo. Mtu aliyewahi kulala njaa hatashangaa kwamba wazee wa huko waliitaja Vega kwa furaha ile ile waliyoitaja manowari iliyoleta uhuru.

Manowari hiyo ni Bulldog. Asubuhi ya tarehe 9 Mei 1945, Wajerumani walitia sahihi ndani yake, kando ya Guernsey, kwamba wamesalimu amri. Huko Jersey watu walijaa bandarini, na bendera ikapandishwa katika hoteli iliyotazama bahari. Tendo hilo la kupandisha bendera hurudiwa kila mwaka mahali pale pale.

Kisiwa cha tatu, Alderney, hakikuwa na mwenyeji wa kushangilia. Karibu watu wake wote, wapatao 1,500, walihama kwa meli mwezi wa Juni 1940. Wajerumani walijenga kambi huko, na mamia ya vibarua walioletwa kwa nguvu kutoka nchi nyingine walikufa. Wenyeji walianza kurudi tarehe 15 Desemba 1945, na hiyo ndiyo sikukuu yao. Nyumba nyingi walizikuta zimebomoka. Meza, viti na vitanda vilivyosalia vilikusanywa uwanjani, na ishara ilipotolewa kila mtu akakimbilia alichoweza kukishika, kiwe chake au cha jirani.