Kuoanisha Taa Pasipo na Waya wa Umeme: Mada kwa Mafundi wa Sola wa Buleusa

Fundi wa sola anayepanda vilima vya Ikobo kwenda Buleusa, wilayani Walikale, hubeba paneli, betri, nyaya na taa za volti 12. Waya wa shirika la umeme la SNEL haufiki huko. Ukimtajia taa zinazowashwa kwa simu, atacheka na kusema hayo ni mambo ya Goma. Yuko sahihi kidogo. Goma ilipata mtambo wa sola wa kampuni ya Nuru wenye megawati 1.3 mwaka 2020, na kabla ya hapo umeme wa maji kutoka Matebe, Rutshuru, ulikuwa umeanza kusambazwa na Virunga Energies. Nyumba yenye volti 220 usiku na mchana inaweza kucheza na balbu za aina hiyo.

Lakini taa janja zilikwishaingia vijijini kwa mlango mwingine, na mafundi wengi wamezifunga bila kuziita hivyo. Ni boksi za sola za kulipa kidogo kidogo. M-KOPA ilianza biashara hiyo Kenya mwaka 2012, ikitia laini ya simu ndani ya boksi ili kampuni iliwashe au ilizime kutoka mbali, kulingana na malipo ya M-Pesa. Bboxx imeuza mitambo ya namna hiyo Kongo. Altech, kampuni nyingine ya sola, ilianzishwa na Wakongo wawili, Washikala Malango na Iongwa Mashangao, waliokulia katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma; walijua giza la taa ya mafuta kabla ya kujua biashara ya sola.

Kwa Buleusa, aina ya kuchunguzwa zaidi ni ile isiyohitaji laini kabisa. Kiwandani, boksi hupewa namba ya siri, na namba hiyo hiyo huhifadhiwa kwenye kompyuta ya kampuni. Mteja akilipa, kompyuta hukokotoa mfuatano wa tarakimu na kumtumia kwa ujumbe wa simu. Anazibonyeza kwenye boksi. Boksi nalo hupiga hesabu yake, likiona zinalingana linafungua siku zilizolipiwa, kisha tarakimu hizo hazifai tena. Kampuni ya Solaris Offgrid, iliyofanya kazi Tanzania, iliuweka hadharani mfumo wake wa namna hii, OpenPAYGO, ili kiwanda chochote kiutumie. Huko ni kuoanisha kwa maana kamili: vifaa viwili visivyoonana vinaaminiana kwa siri viliyopewa mapema. Simu inayopokea ujumbe inaweza kuwa ya jirani aliyepanda mlimani kutafuta mtandao. Boksi lenyewe halijali.

Huko Ulaya na Marekani mambo yalikwenda njia nyingine. Philips Hue ilitoka mwaka 2012, kila balbu ikiwa na redio yake ya Zigbee. Mwaka uliofuata Paulus Schoutsen alianzisha Home Assistant, programu huria inayoweza kuendesha taa kutoka kompyuta ndogo iliyo ndani ya nyumba, bila kupitia seva ya mbali. Mwaka 2022 kikaja kiwango cha Matter, ili balbu ya kampuni moja isikatae kusikilizana na mfumo wa nyingine.

Kuoanisha balbu ya Zigbee si kazi ngumu. Fundi hufungua mtandao kwa dakika chache, huwasha balbu mpya karibu na kifaa kikuu, husubiri ijitambulishe, huipa jina, kisha hufunga mlango. Balbu iliyokwisha kutumika kwingine lazima ifutwe kumbukumbu kwanza, la sivyo itaendelea kumtafuta bwana wake wa zamani. Kinachowasumbua mafundi wa mijini ni Wi-Fi za majirani, zinazogombania masafa yale yale ya gigahezi 2.4. Buleusa haina tatizo hilo! Kuta za mbao nazo hupitisha redio vizuri. Ni mabati ndiyo ya kuogopa, hivyo kifaa kikuu kisiwekwe nyuma ya ukuta wa bati.

Ugumu uko kwenye betri. Kanuni za Umoja wa Ulaya huruhusu balbu ya mtandao kula hadi wati 0.5 ikiwa imezimwa, kwa sababu redio yake hailali. Balbu nane zikifika kikomo hicho zitakula wati-saa 96 kwa siku. Kompyuta ndogo ya wati 3 inaongeza 72. Balbu hizo zinataka volti 220, kwa hiyo inveta haizimwi. Inveta inayokula wati 6 bila mzigo inaongeza 144. Jumla ni 312, na hakuna aliyewasha taa bado. Paneli ya wati 100 ikipata saa nne za jua zuri hutoa 400 kwenye karatasi, pungufu yake kwenye betri, na msimu wa mawingu ya Walikale hauhitaji kuelezwa kwa wenyeji wake.

Ndiyo maana mada hii inapendekeza akili ya taa ihamishwe kutoka kwenye balbu hadi karibu na betri. Balbu zibaki zile za LED za volti 12 zinazouzwa sokoni. Kidhibiti kimoja chenye chipu ya ESP32 kinaweza kuendesha saketi kadhaa za taa kwa kutumia swichi za transista, na hata kikila nusu wati mfululizo ni wati-saa 12 tu kwa siku. Chipu hiyo inaweza kutangaza Wi-Fi yake yenyewe. Simu inajiunga moja kwa moja, ukurasa unafunguka, taa zinapangwa. Haihitaji akaunti, seva wala vocha ya intaneti. Balbu za bei nafuu za Wi-Fi, kwa upande wake, nyingi hukataa hata kuanza mpaka programu yake ifike kwenye seva ya mtengenezaji, jambo ambalo muuzaji wa Goma hana sababu ya kulitaja.

Chukua kituo kidogo cha afya chenye chumba cha kuzalia, korido na veranda. Kidhibiti hupima volti za betri kila dakika. Betri ya asidi iliyopumzika ikisoma volti 12.0 imeshuka chini ya nusu: veranda izimwe. Ikiendelea kushuka, korido ifuate. Chumba cha kuzalia kisiguswe na programu hata kidogo. Kiwe na swichi ya ukutani iliyofungwa moja kwa moja, kwa sababu mkunga hawezi kungoja simu ipate chaji. Mwenye betri ya lithiamu ya fosfati asitumie sheria hii ya volti. Volti zake hubadilika kidogo mno kati ya kujaa na kukaribia kuisha, kwa hiyo apime mkondo unaoingia na unaotoka.

Kuna jambo moja la kibiashara ambalo mada hii isilikwepe. Boksi nyingi za mkopo zina plagi za pekee na programu iliyofungwa, kiasi kwamba deni likiisha mteja anamiliki kitu ambacho fundi wa kijijini hawezi kukiongezea taa. Watu wa eneo hili, ambao vita vimewahamisha mara kwa mara, wanahitaji mtambo unaofunguka, unaobebeka na kufungwa tena na fundi mwingine kabisa. Mafundi wanaponunua kwa pamoja wadai mambo matatu kwa maandishi kabla ya kulipa: viunganishi vya kawaida vya nyaya za volti 12, maelezo ya jinsi ya kusoma hali ya betri, na kufunguliwa kwa programu siku ya malipo ya mwisho.