Kiongozi Aliyekiri Mbele ya Watu

Najua wengine mnatusikiliza mkinywa chai kabla ya kwenda shambani, na wengine mko kitandani kwa ugonjwa. Mungu na awe karibu na kila mmoja wenu.

Leo nataka tuzungumze juu ya uongozi. Tafadhali usizime redio ukisema, "Mimi si chifu wala si mbunge." Baba ni kiongozi, mama ni kiongozi, hata msichana anayeachiwa wadogo zake ni kiongozi.

Tukimtaja Nehemia, mara nyingi tunataja ukuta wa Yerusalemu, uliomalizika kwa siku 52. Hiyo ilikuwa kazi kubwa kweli. Lakini ukitaka kumjua Nehemia mwenyewe, soma sura ya tano ya kitabu chake.

Kazi ikiwa inaendelea, kulitokea kilio. Safari hii hakikuletwa na Sanbalati wala Tobia, maadui wa nje. Waliolia walikuwa Wayahudi, wanaume kwa wanawake. Njaa ilikuwa imeingia. Wengine walikuwa wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka. Wengine walikopa fedha za kulipa kodi ya mfalme. Watoto wao walikuwa wakichukuliwa utumwani. Na waliowadai ni akina nani? Ni ndugu zao wenyewe!

Nehemia alikasirika sana. Lakini kabla ya kusema neno, alitafakari kwanza moyoni mwake. Kisha akawakemea wakubwa mbele ya mkutano, nao wakakosa la kujibu. Halafu akafanya jambo ambalo viongozi wengi hatuliwezi. Alisema wazi kwamba yeye pia, pamoja na ndugu zake na watumishi wake, walikuwa wamewakopesha watu fedha na nafaka. Biblia haisemi kama yeye alitoza riba. Hata hivyo hakujitenga kando na kuwanyoshea wengine kidole. Alisema, tuache sisi sote. Siku hiyo wakubwa wakakubali kurudisha mashamba.

Niruhusuni niwaeleze habari yangu. Miaka mingi iliyopita nilikuwa mweka hazina wa harambee ya kujenga kanisa letu. Mwanangu alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Nikatoa shilingi 200 katika fedha za mabati, nikijiambia kwamba ni mkopo tu. Mwisho wa mwezi nilizirudisha zote, wala hakuna aliyejua. Lakini wahenga walisema mchovya asali hachovyi mara moja, nami nilichovya tena.

Mwaka uliofuata, kijana mmoja aliyetunza fedha za vijana wenzake alikutwa na upungufu wa shilingi 40. Kamati ikamwita, nami nikaambiwa nimhoji. Nilifungua kinywa, maneno yakakataa kutoka. Ningeweza kumkaripia, na wote wangenisifu kwa uaminifu wangu! Mwishowe nikasema, "Wazee wangu, kabla ya kumwuliza kijana huyu, niulizeni mimi." Nikawaeleza yote.

Chumba kilikuwa kimya. Niliondolewa katika kazi ile, na ilikuwa haki. Niliona aibu kwa muda mrefu kila nilipopita mbele ya kanisa lile. Lakini yule kijana, aliyekuwa akikana tangu asubuhi, alianza kulia, akatuambia fedha zilikokwenda.

Ndugu yangu, watu hawahitaji kiongozi asiye na kosa, maana hayupo. Wanahitaji kiongozi wa kweli, ambaye uso wake wa mkutanoni ndio uso wake wa nyumbani.

Tena, Nehemia alikuwa liwali kwa miaka 12, na katika miaka hiyo yote hakula posho ya liwali. Waliomtangulia walitoza watu chakula, divai na shekeli 40 za fedha. Yeye alikuwa na haki ya posho ile, lakini aliiacha kwa sababu alimcha Mungu, na kwa sababu aliona mzigo wa watu ulikuwa mzito. Badala yake, Wayahudi na maakida 150 walikula mezani pake, na kila siku alichinjwa ng'ombe mmoja na kondoo sita.

Basi nakuuliza, mpendwa msikilizaji, nawe ujiulize leo: nafasi niliyopewa, je, ninaitumia kula au kulisha? Na kama kuna jambo ulilolificha, usingoje lifichuliwe. Lipeleke kwa Bwana, kisha kwa wale uliowakosea.

Na tuombe. Ee Baba, wewe waona hata yale ambayo kamati haiyaoni. Tupe moyo wa kukiri, na mikono safi ya kuwatumikia watu wako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.