Mwili Nao Husema Mbele ya Wakubwa

Maneno yaliyosomwa katika mkutano wa tawi

Ndugu wafanya kazi,

Sisi wa reli twajua kusema bila kinywa. Gadi akiinua mikono yote miwili juu ya kichwa, dereva husimamisha treni. Hasikii neno, kwa kuwa injini yanguruma. Huona mikono tu. Basi tusistaajabu tukiambiwa ya kuwa mtu aingiapo ofisini, mwili wake umekwisha kusema kabla hajafungua kinywa.

Wengi wetu tulilelewa tusimkazie macho mkubwa. Kwetu nyumbani hiyo ni adabu njema, na mbele ya wazee wetu tusiiache. Lakini ofisini imetuponza. Mwenzetu mmoja aliitwa kujibu habari ya mali iliyopotea stoo. Hakuchukua kitu. Lakini alisimama mlangoni, macho chini, akiipotoa kofia mikononi, na kila alipoulizwa aliitikia kwa kichwa. Wakubwa wakasema, "Huyu ana hatia." Akapewa barua siku ile ile. Chama kilihangaika miezi saba ndipo akarudi kazini, na miezi hiyo yote watoto wake walikaa bila karo ya shule.

Basi tufanyeje? Tuingie kwa hatua zetu za kawaida, tusalimu kwa sauti ya kusikika. Tukipewa kiti tukae mgongo wima, miguu yote miwili chini. Mikono iwe wazi juu ya meza au magotini. Tusiikunje kifuani, wala tusiifiche mifukoni. Anayesema nasi tumtazame usoni, lakini tusimkodolee macho, maana huo ni ugomvi. Tusiitikie kwa kichwa jambo tusilolikubali: kichwa kikisema ndiyo, karani ataandika ndiyo. Tukiulizwa neno gumu, tuvute pumzi kwanza. Kunyamaza kidogo si kushindwa.

Wala hatusemi tuwe na kiburi. Apigaye meza na kunyoosha kidole huonyesha hofu yake sawasawa na yule ainamishaye kichwa. Tom Mboya alipokwenda Mombasa Machi 1955, wakati wa mgomo wa wafanya kazi wa bandarini, alikuwa kijana wa miaka 24 tu. Huko kulikuwa na wafanya kazi wenye hasira na wakubwa wenye mali, naye akasema na pande zote mbili. Hakuwa na mvi wala mali za kumpa heshima. Alikuwa na shauri lake, na hakulionea haya.

Tena tusiende peke yetu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yampa mfanya kazi haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama wakati anaposikilizwa kabla ya kufukuzwa kwa kosa. Mwenzako akiketi kando yako, mgongo hunyooka wenyewe.

Ndugu, mgongo ulionyooka hauwezi kuunyoosha uongo. Twende na kweli yetu na karatasi zetu. Na leo, kabla hatujatawanyika, tukae wawili wawili, mmoja awe mkubwa na mwingine ajibu, kisha tubadilishane. Afadhali tutetemeke hapa mbele ya ndugu zetu kuliko kutetemeka kule.

Umoja ni nguvu.