Mtoto wa Kidato cha Pili na Safari ya Chuo

(Mazungumzo ya mwanachama mmoja katika mkutano wa chama)



Ya mbegu na mbolea tumeyamaliza. Naomba dakika chache niseme juu ya watoto wetu walioko kidato cha pili. Wengi tunasema, "Mambo ya chuo tutayaangalia akifika kidato cha sita." Nami nilisema hivyo hivyo, nikajuta.

Kijana wangu wa kwanza alifaulu vizuri kidato cha sita. Tulipoanza kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, tukakuta majina yanapishana. Darasa la kwanza nilimwandikisha kwa jina la babu yake, na cheti cha kuzaliwa kina jina langu. Tukahangaika na hati ya kiapo, nauli huku na huku, mpaka muda wa maombi ukaisha. Alikaa nyumbani mwaka mzima akichambua tumbaku. Kosa lilikuwa langu.

Basi nawaomba mambo manne.

La kwanza, leo jioni toeni cheti cha kuzaliwa sandukuni. Kama hakipo, kifuateni wilayani. Majina yafanane na ya shuleni kabla mtoto hajasajiliwa mtihani wa kidato cha nne. Aliyefiwa na mwenzake atunze cheti cha kifo. Bodi hukiulizia kwa mwombaji aliyefiwa na mzazi.

La pili, mwulizeni mtoto anataka kazi gani, kisha mwende naye kwa mwalimu. Anayetaka uuguzi asije akaiacha Kemia kidato cha tatu eti kwa sababu ni ngumu. Na chuo siyo mbali kama tunavyodhani: Chuo Kikuu cha Sokoine kina kampasi yake ya Mizengo Pinda humu humu Katavi.

La tatu, mtihani wa taifa wa kidato cha pili hukutana na msimu wa kupandikiza tumbaku. Tumbaku inataka mikono, najua. Lakini mtoto akianguka mtihani, anarudia darasa. Wiki zile sisi wakubwa tusaidiane mashambani, mtoto abaki na daftari na taa.

La nne, fedha. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa mwaka 2016, ya cha tano na cha sita mwaka 2022. Chuo kikuu bado kina ada, na mkopo hapati kila aombaye. Hesabuni wenyewe: toka mtihani wa kidato cha pili hadi mlango wa chuo kikuu kuna masoko matano tu ya tumbaku. Kila soko, weka kidogo kando kabla hujaanza kulipa mengine.

Haya yote ni kwa binti sawasawa na kijana. Mtoto wangu wa pili ni msichana, naye yuko kidato cha pili sasa. Cheti chake nimekwisha kukiangalia, jina kwa jina.